Mageuzi ya tahajia: kwa nini Kiingereza hakiandikwi kama kinavyosemwa

Jioni tatu kwa wiki nafundisha Kiingereza watoto wa kidato cha kwanza, hapa Majengo, Moshi. Wengi wametoka shule za msingi za serikali, walikosoma kila kitu kwa Kiswahili, na sasa baiolojia, jiografia na hesabu zimegeuka Kiingereza kwa mpigo. Wiki iliyopita niliwapa imla. Binti mmoja akaandika "nolej". Nilipoandika knowledge ubaoni, akauliza: "Ticha, hiyo k inafanya kazi gani?" Akatulia kidogo, kisha akauliza tena: kwa nini wenyewe wasiiondoe tu?

Swali lake la pili ndilo linaloitwa mageuzi ya tahajia. Tahajia ni jinsi watumiaji wa lugha walivyokubaliana kuandika maneno yao. Kuigeuza ni kuvunja makubaliano hayo kwa makusudi na kuweka mengine, mara nyingi ili herufi zifuate sauti. Kiswahili kina irabu tano na herufi tano za kuziandika. Kiingereza kina sauti zipatazo 44 kwa herufi 26, na karibu 20 kati ya sauti hizo ni irabu zinazogombania herufi tano zilezile.

Hiyo k zamani ilitamkwa. Katika knight, neno la askari wa farasi, zilisikika k na pia gh, iliyokaribia kh yetu ya "kheri". Irabu nazo zilisomwa karibu na tunavyosoma sisi. Mtoto akisoma name kama "na-me" na time kama "ti-me", wenzake humcheka, nami huwakatiza, maana Mwingereza wa mwaka 1350 angemwelewa vizuri. Kati ya miaka ya 1400 na 1700 hivi, irabu ndefu za Kiingereza zilihama mahali pake mdomoni. William Caxton alianzisha uchapaji wake Westminster mwaka 1476, uhamaji huo ukiwa unaendelea. Vitabu vikazoesha watu maandishi ya zamani huku matamshi yakizidi kusonga mbele. Baadaye wasomi waliongeza mzigo wao: neno la deni lilitoka Kifaransa bila b, wakalipachika b likawa debt, ili lifanane na babu yake wa Kilatini.

Sasa tuseme leo tunaamua kuandika kama watu wanavyosema. Watu gani?

Nenda Arusha msimu wa watalii, uwaulize madereva waongozaji wanaopeleka wageni Tarangire na Ngorongoro. Wao wanalijua jambo hili kwa masikio. Gari kwa mtu wa London ni "kaa", kwa Mmarekani r inasikika mpaka mwisho. Maji kwa Mmarekani yanakaribia "wara". Mgeni wa New Zealand akiomba kalamu, pen yake inaingia sikioni kama "pin". Mmarekani akisema can't, unabaki unajiuliza amesema anaweza au hawezi. Wote hao wakiandika barua pepe kwa kampuni, maandishi ni yaleyale. Hapohapo Arusha kuna makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambako Mganda, Mkenya na Mtanzania wanasoma waraka mmoja wa Kiingereza, kila mmoja kwa lafudhi ya kwao. Ukiifanya tahajia ifuate sauti, itabidi uchague mdomo mmoja na kuwaambia wengine wote wajifunze kuandika sauti wasizozitamka. Ama kila nchi iandike yake, na waraka mmoja uzae nyaraka ishirini.

Mtu atasema: mbona Kiswahili kimeweza? Hapa nataka tuwe wakweli. Tunapenda kujisifu kwamba Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, na kwa sehemu kubwa ni kweli. Lakini sikiliza sokoni Kiboriloni au kwenye stendi yoyote ya bara: utasikia "zambi", "zahabu", "selasini", "luga". Mtoto akiandika hivyo anakatwa maksi, kwa sababu sahihi ni dhambi, dhahabu, thelathini na lugha. Yule mtoto ameandika kwa uaminifu alichokisikia nyumbani. Tahajia yetu inafuata sauti, ila sauti ya Unguja. Kiunguja ndicho kilichochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya maeneo manne, yaani Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, ya kusimamia usanifu huo. Wakati huo watu waliosoma Kiswahili kwa herufi za Kirumi walikuwa wachache, na serikali za kikoloni zilikuwa na uwezo wa kuamua kitabu gani kiingie darasani. Mambo hayo mawili, mamlaka moja na wasomaji wachache, Kiingereza hakina hata moja.

Kiingereza hakina BAKITA yake, yaani baraza la kusimamia lugha. Marekani, Noah Webster alifaulu kuondoa u katika colour na kugeuza centre kuwa center, na kamusi yake ya mwaka 1828 ikavieneza. Ila aliposema tongue, yaani ulimi, iandikwe tung, watu walikataa. Mwaka 1906 Rais Theodore Roosevelt aliagiza mpiga chapa wa serikali atumie tahajia rahisi za maneno 300. Magazeti yalimcheka, Bunge likapinga, na kabla ya mwaka kwisha agizo likawa limeondolewa. Rais wa nchi kubwa namna ile alishindwa na maneno 300.

Kuna kizuizi kingine kisichosemwa sana, nacho ndicho kilichonibadilisha mimi mwenyewe, maana zamani nilikuwa upande wa binti yule. Tahajia ya Kiingereza mara nyingi hutunza udugu wa maneno. Katika sign g iko kimya, lakini ifikie signature, inasema. Heal na health hazifanani irabu mdomoni, ila kwenye karatasi unaona ni mtu na mwanawe. Hata ile -ed ya wakati uliopita ina sauti tatu: sikiliza walked, lived na wanted. Ukiandika sauti, mwanafunzi atabeba viambishi vitatu badala ya kimoja. Kwa sisi tunaojifunza Kiingereza kwa macho kwanza, kwenye vitabu, kabla masikio hayajazoea, udugu huo ni msaada mkubwa.

Na kizazi kitakachokuwa shuleni wakati wa kuhama kutoka tahajia moja kwenda nyingine je? Uingereza ilijaribu kitu miaka ya 1960: James Pitman alitunga alfabeti ya herufi 44 za kuanzia watoto, herufi moja sauti moja. Watoto wengi walianza kusoma haraka. Kisha ikaja siku ya kuhamia tahajia ya kawaida, maana magazeti, vibao na barua za wazazi havikubadilika, na hapo baadhi yao walijikwaa. Mpango ukafifia.

Binti wa "nolej" nilimwandikia know, knew, known na knowledge, moja chini ya jingine, nikamweleza kuwa hiyo k ni kama jina la ukoo. Alipiga mstari chini ya kila k kwa kalamu nyekundu. Kisha akafungua ukurasa wa hesabu za biashara, akaweka kidole kwenye b ya debt.