Polisi wa Most Wanted hawashindwi kwa mbio: uongo tuliorithishana na ukweli wake

Need for Speed: Most Wanted ile ya 2005, gemu ya mbio za magari na kukimbia polisi, imezeeka lakini bado iko kwenye kompyuta za watu kibao na kwenye vibanda vya gemu, na kila anaeicheza ana sheria zake alizorithi kwa kaka yake au kwa jamaa aliekuwa amekaa pembeni anasubiri zamu huku anatoa ushauri ambao hajaombwa. Nyingi ya hizo sheria ni uongo mtupu na ndo zinazofanya watu wakamatwe kila siku afu waseme gemu inaiba.

"Ukiwa na gari kali polisi hawakupati." Hii ndo mama wa zote. Mtu anajichanga weee ananunua Lamborghini Gallardo au Porsche Carrera GT, anaingia barabara kuu ya Rockport, mji wa hiyo gemu, anakanyaga mafuta mpaka mwisho, baada ya muda anaangalia nyuma msafara bado upo na umeongezeka. Ukweli ni kwamba gemu haikupi ushindi kwa kuwa umewaacha mbali, inachoangalia ni kama kuna gari ya polisi au helikopta inayokuona. Basi. Na barabara kuu ni pana, imenyooka, hamna pa kukata, yani ni sehemu mbaya kuliko zote za kumpotezea mtu macho. Wa nyuma wanakuona, wa mbele wanaitwa kwa redio, na pale chini kwenye skrini kuna saa inahesabu wasaidizi wanafika lini ila watu wengi hata hawaijui ni ya nini. Ukiwaondoa wote walio karibu kabla hiyo saa haijaisha umepona, ukichelewa unaletewa kundi jipya na mnaanza upya.

Afu hiti, yani kiwango cha polisi kukuwania, ikipanda wanabadilishiwa magari. Hiti ya 1 wanakuja na sedani za kizamani ambazo hata ile Golf GTI ya Sonny, yule wa namba 15 kwenye Blacklist, orodha ya wakali wa mbio unaotakiwa kuwashinda mmoja mmoja, inaziacha, lakini ukifika hiti ya 5 unakimbizwa na Corvette za serikali kuu, na Corvette kwenye barabara iliyonyooka haiachwi kirahisi hata uwe na nini. Anaetoka salama ni yule anaeshuka mtaani, anakata kona mbili tatu mfululizo, anapita kwenye uwanja wa gofu, anachomokea upande ambao hawakumtegemea. Kwa msako tupu mimi nachukua Lancer Evo inayoshika kona kuliko gari inayokimbia kama risasi afu kwenye kona inaenda kuzoa ukuta. Wapo watakaobisha, wabishe tu.

"Wakishakupoteza endelea kukanyaga, usisimame." Hapa ndo watu wanajikaanga wenyewe. Wakiacha kukuona kuna kipimo cha bluu kinaanza kujaa, na kinajaa taratibu zaidi hiti ikiwa juu. Kwenye ramani zinatokea alama za sehemu za kujificha. Ukiingia pale ukazubaa, kipimo kinakimbia haraka kuliko ukiwa unazurura, lakini mtu kashikwa na kiwewe, anapita mtaani spidi mia mbili na kitu, anakutana uso kwa uso na doria inayomtafuta, msako unaanza upya na sahivi naitro, ile gesi ya kuongeza kasi, imeisha. Kusimama tu sehemu iliyojificha hata kama haina alama nako kunasaidia, mradi wasipite hapo. Na usikimbilie maskani kwako kabla hujamaliza, msako ukiwa hai huruhusiwi kuingia, sio maskani sio dukani.

Kukamatwa kwenyewe watu wanakuelewa vibaya. Wanadhani polisi wakikugusa au wakikuzunguka umekwisha. Hapana, unakamatwa ukiwa umesimama au unajikokota huku wao wako karibu, na kipimo chekundu kinajaa kwa sekunde chache. Kwaiyo ukizungukwa usitulie ukisubiri nafasi, rudi rivasi, gonga, sogea hata kidogo, kipimo kinarudi chini. Wanaoshika breki wakijifanya wanapanga mkakati ndo wanaolala ndani.

"Rhino ikija ligonge tu, naitro itakuvusha." Thubutu! Rhino ni zile gari kubwa zinazokuja na upande wako, macho kwa macho, na kazi yake ni moja tu, kukupiga uso usimame ili wale wa nyuma wafunge. Naitro inakufanya ulivae kwa kasi zaidi, ndo faida yake. Hapa kuna Speedbreaker, ile inayofanya dunia iende polepole, unaingoja Rhino ikaribie kabisa afu unabonyeza na kukwepa pembeni, ukiwahi kukwepa nayo inakufuata. Kuna wanaoamini Speedbreaker ni urembo wa kupigia picha kwenye ajali, sijui nani aliwaambia. Hiyo inajijaza yenyewe ukiwa unakimbia, kwaiyo kuibania mpaka mwisho wa msako ni ubahili usio na maana.

Vizuizi navyo hivyo hivyo. Watu wanalenga katikati ya gari ya polisi au mbele yake palipo na injini. Lenga tako la gari, linazunguka unapita, na kabla ya hapo hakikisha hawajamwaga misumari, maana misumari ikikupata tairi zinaenda na hapo hata ungekuwa na ndege haupai.

Kuna vile vitu vya kuangusha, pembetatu nyekundu kwenye ramani, tenki la maji, kituo cha mafuta, lile donati kubwa, majukwaa ya mafundi. Wengi wanapita wanaangusha kila wanachokiona kwa sababu inapendeza, na kweli inapendeza, ila kitu ukishakiangusha kwenye msako huo hakisimami tena. Ukitumia matatu ukiwa unafukuzwa na gari mbili, zikija kumi unaangusha nini? Vuta kundi lote kwanza, wakupange nyuma kama harusi, ndo upite.

"Wapinzani wanaiba." Hii ni kweli nusu. Gemu kweli inawasogeza wapinzani, unaweza kumuacha mtu vibaya mno mzunguko wa kwanza na mzunguko wa mwisho ukamuona kwenye kioo anakuja kama hamna kilichotokea. Wanafanya hivyo makusudi ili mbio zisichoshe, na gemu nyingi za mbio za aina hii zinafanya. Kosa ni kumaliza naitro mapema ukitafuta pengo ambalo gemu italifuta, wakati ungeibakiza kwa kilomita ya mwisho. Pia usisahau hata wao wanakosea kona na kugonga magari ya raia, subira inalipa.

Wengine wanaogopa hiti kama ugonjwa. Lakini bila baunti, yani thamani ya kichwa chako kwa polisi, hupandi kwenye Blacklist, Razor wa namba 1 anadai milioni 10, na baunti ya maana inatoka kwenye misako mikali. Kinachotakiwa ni kujua kwamba kila gari ina hiti yake, gari moja inaweza kuwa moto na nyingine safi kabisa, na ukiibadilisha muonekano, rangi, bodi, rimu, hiti inashuka. Kwa hiyo usiendeshe mbio za kawaida na gari uliyoichafua jana afu ulalamike polisi wanakuingilia. Na ukikamatwa sio kwamba gari imeenda moja kwa moja, unalipa faini na inapata alama, alama zikijaa, na zinaanza tatu, ndo inapelekwa yadi. Kukosa hela ya faini ni habari nyingine, hapo inaondoka siku hiyo hiyo.

Kodi za hela nazo, yale maneno ya siri ya kuandika upate hela za bure kwenye gemu, kila mtu ana binamu anaeyajua. Hamna. Kwenye kompyuta ukiandika burgerking pale inapokuambia bonyeza kuendelea unapata shindano la ziada, na ukiandika castrol unapata Ford GT yenye nembo za hiyo oili. Ni matangazo tu hayo. Wenye mahela yasiyoisha wamechezea faili la seivu, lile linalohifadhi ulipofikia.

Kuna vitu vya pembeni pia. Most Wanted ya 2012 sio hii iliyopendezeshwa, hiyo ilitengenezwa na Criterion, mji wake ni Fairhaven, hamna Razor wala Mia, yule dada anaekusaidia kwa simu, jina tu ndo moja. Polisi kwenye gemu za magari hawakuanzia hapa wala kwenye Need for Speed, mwaka 1988 Taito walishatoa Chase H.Q. kwenye mashine za kutia sarafu na wewe ndo ulikuwa askari, unagonga majambazi mpaka wasimame. Na ile BMW M3 GTR ya bluu na fedha, unayoanza nayo kabla Razor hajakupora, wapo wanaodhani ni gari ya kubuni, wakati M3 GTR halisi ilishindana Marekani 2001 kwenye American Le Mans Series ikiwa na injini ya V8, ilhali M3 ya kawaida ya wakati ule ilikuwa na silinda sita. Rangi ndo za gemu.

Na msako wa mwisho, baada ya kumtoa Razor na kurudishiwa hiyo BMW. Watu wanahangaika kutafuta pa kujificha kama misako mingine, wanazunguka Rockport nzima huku Sajenti Cross, polisi anaekuwinda gemu nzima, na kikosi chake wanawakaba, wanasema gemu imeharibika. Haijaharibika. Pale kazi yako ni kubaki barabarani mpaka Mia akupigie simu akuelekeze daraja la kurukia, basi, na wale walioangusha tenki na donati dakika ya kwanza simu ikilia huwa hawana kitu cha kuwaangushia Corvette zilizobaki nyuma yao.