Upepo Haugusi Leza, Unainamisha Sakafu

Nimeulizwa tena kuhusu LIGO, mtambo unaonasa mawimbi ya mvutano kutoka angani kwa leza inayopita kati ya vioo: "Upepo ukizidi, si mnaongeza tu nguvu ya mfumo wa kuzuia mitetemo?" Jamani, hapana. Na kabla hujaniambia kwamba leza inapita ndani ya ombwe, hilo nalijua. Pale Hanford, eneo kame la jimbo la Washington, Marekani, upepo unasukuma kuta za majengo yaliyo kwenye ncha za mikono ya kilomita 4, yaani mabomba ya leza, kuta zinavuta zege, na sakafu inainama. Inainama kidogo mno, tunapima kwa nanoradiani: moja ni sawa na kuinua ncha ya boriti ya kilomita nzima kwa sehemu moja ya elfu ya milimita.

Kasheshe linaanzia hapo. Seismomita, kipima mitetemo ya ardhi, haiwezi kutofautisha kuinama na kusukumwa kando. Funga macho ndani ya daladala: breki na mteremko mwili unavisikia vilevile. Na kadiri mwendo unavyokuwa wa polepole, kosa linakua kwa kipeo cha pili. Nanoradiani 1 kwenye hezi 1, yaani mtikisiko mmoja kwa sekunde, inasomeka kama msogeo wa robo nanomita, si neno. Kwenye hezi 0.05 ni kama nanomita 100. Kwenye hezi 0.01, karibu 2,500! Jukwaa linaloning'iniza kioo cha leza linaiamini seismomita, linakimbilia upande wa pili kufidia msogeo ambao haukuwepo, na kioo cha kilo 40 kinaburutwa nalo. Ukiongeza nguvu, umeongeza kuburutwa huko.

Kwa hiyo tunafanya kinyume. Tunapandisha masafa ya makabidhiano: chini yake jukwaa lifuate vihisi vya nafasi, yaani liende na ardhi tu, juu yake ndipo seismomita isikilizwe. Bei yake ni kwamba mitetemo ya mawimbi ya bahari, hezi 0.1 hadi 0.3, inapita kwa urahisi zaidi.

Kuna pia kihisi cha mwinamo kilichobuniwa na watu wa Chuo Kikuu cha Washington: boriti iliyoning'inizwa kwenye vipande vyembamba vya metali, inayobaki imetulia sakafu ikiinama. Unatoa usomaji wake kwenye ule wa seismomita. Kinasaidia sana, ila kinapima pale kilipokaa, na zege halijipindi sawasawa kila mahali. Mita chache kando, sina hakika natoa mwinamo gani.

Majira ya baridi upepo na bahari hupamba moto pamoja. Hapo fomula sina. Naweka kichujio kimoja cha makabidhiano, mwanga wa leza ukiponyoka kati ya vioo naweka kingine.