Kabla ya kuomba "kupimwa homoni": unene, vidonge vya kunenepesha na tezi ya shingo

Malalamiko yanayotufikia kutoka kliniki za maradhi yasiyoambukiza, Unguja na Pemba, yamekuwa ya aina moja: mtu amenenepa, ameomba apimwe homoni, akaambiwa asubiri au aeleze kwanza dalili zake. Anaondoka akiamini amenyimwa huduma. Hakunyimwa. Homoni ni nyingi, na kila moja ina dalili zake na saa yake ya kutolewa damu. Anayepimwa zote kwa mkupuo hurudi na karatasi ndefu ya namba, na katika namba nyingi hazikosekani moja mbili zilizotoka nje ya kiwango kwa bahati tu. Hapo ndipo mtu anapoanza kumeza dawa ya ugonjwa asiokuwa nao.

Tuanze na jambo unaloweza kulifanya nyumbani. Kaa kitini, weka kidole gumba juu ya mfupa wa ugoko, kiasi cha vidole vinne juu ya kifundo cha mguu, bonyeza huku ukihesabu mpaka kumi, kisha achia. Ngozi ikirudi mahali pake, vyema. Likibaki shimo kama ulilobonyeza kwenye donge la chapati, hayo ni maji, na maji yana safari nyengine: moyo, figo au ini. Mjamzito mwenye uvimbe, kichwa kinachouma na macho yanayoona nyotanyota aende spitali siku ile ile, asisubiri siku ya kliniki.

Kama ni mafuta kweli, swali la kwanza tunalouliza ni umemeza nini na unajipaka nini. Wengi hulichukia swali hili. Lakini kortisoli, homoni inayotengenezwa na tezi zilizo juu ya figo, ikizidi mwilini, mara nyingi zaidi chanzo huwa ni dawa kuliko tezi iliyoharibika, na dawa zenyewe zinapatikana mitaani kwa urahisi mno.

Vidonge vya kunenepesha huuzwa katika kifuko kidogo cha nailoni, bila jina, bila namba ya toleo, bila tarehe ya kumalizika. Mara nyingi ndani huwamo aina mbili. Ya kwanza ni siproheptadini ya miligramu 4, dawa ya mzio ambayo huleta njaa na usingizi. Ya pili ni deksamethasoni ya miligramu 0.5. Hii hufanya kazi ya kortisoli, tena kwa nguvu: miligramu 0.75 zake ni sawa na miligramu 5 za prednisoloni, dawa nyengine ya jamii hiyo. Hupandisha sukari, huvunja misuli na kuyahamishia mafuta usoni, nyuma ya shingo na tumboni. Msichana anayejiandaa kwa harusi huyaona mashavu yamejaa akaridhika. Ayatazame na mapaja. Yanakonda, kwa sababu misuli inaliwa, na siku si nyingi hawezi kuinuka mkekani bila kujishikiza ukutani. Baadae hutokea michirizi ya zambarau tumboni, mipana kuliko sentimita moja, ngozi inayovilia damu kwa kugongwa kidogo, presha na sukari. Huko si kunawiri. Ni ugonjwa ulionunuliwa kwa pesa.

Krimu za kung'arisha ngozi zenye klobetasoli au betamethasoni, ambazo nazo ni za jamii hiyo, hufika mahali hapo hapo kwa njia ya ngozi. Klobetasoli ikiandikwa na daktari, haizidi gramu 50 kwa wiki, wala haizidi wiki mbili mfululizo, na hupakwa penye ugonjwa tu. Anayejipaka mwili mzima asubuhi na usiku kwa miezi hujipa dawa hiyo kama anayemeza.

Sasa tunaomba lisomwe hili kwa utulivu, maana ndipo watu wanapodhurika wakiwa na nia njema. Wakishasikia madhara, huvitupa vidonge vyote siku hiyo hiyo. Usifanye hivyo. Ukishatumia zaidi ya wiki tatu au nne, tezi zilizo juu ya figo zinaweza kuwa zimelala, kwa sababu mwili uliletewa kortisoli kutoka nje. Ukikata ghafla hakuna wa kuitengeneza, ndipo huja kutapika, kizunguzungu, presha kushuka na hata kupoteza fahamu, na mtu huweza kufa. Daktari atakubadilishia prednisoloni au haidrokotisoni, kisha akupunguzie kidogo kidogo, pengine kwa wiki, pengine kwa miezi. Katika muda huo, na hata miezi kadhaa baadae, ukipata homa kali, ajali, matapishi yasiyokoma au ukitakiwa kufanyiwa operesheni, neno la kwanza kumwambia anayekuhudumia liwe kwamba uliwahi kutumia dawa hizo. Njoo na kifuko chenyewe. Kliniki inataka kujua kilichomo, haikuiti kukuhukumu.

Tezi ya shingo nayo hulaumiwa kuliko inavyostahiki. Ikifanya kazi kwa uvivu, mtu husikia baridi wenziwe wakitokwa na jasho, huchoka, hupata choo kigumu, ngozi hukauka, sauti huwa nzito, hedhi huongezeka. Uzito hupanda kweli, lakini kwa kawaida ni kilo 2 mpaka 5, na sehemu kubwa ni maji na chumvi. Aliyeongezeka kilo 25 hawezi kuiachia tezi mzigo wote. Kipimo cha kuanzia ni kimoja, TSH, yaani homoni inayoiamrisha tezi ya shingo ifanye kazi. Kiwango cha kawaida kwa mtu mzima ni takriban 0.4 mpaka 4.0 mIU/L, kutegemea maabara.

Tezi hiyo huhitaji madini joto ili ifanye kazi, na hapo huulizwa: "Sisi tunakula samaki kila siku, madini joto yatatupungua vipi?" Jibu lilishatolewa na utafiti uliochapishwa mwaka 2006, ambao ulikuta upungufu mkubwa wa madini joto Pemba kuliko Unguja, pamoja na bahari yote iliyoizunguka. Chumvi inayokaushwa kwa jua ufukweni hutoka baharini, ndiyo, lakini madini joto yanayobaki ndani yake ni machache mno mpaka yaongezwe. Nunua iliyoandikwa kuwa imeongezwa madini joto, iweke kwenye chupa yenye kifuniko mbali na mvuke wa jiko, na uitie chakula kikikaribia kuiva. Na hii haina maana ya kuzidisha chumvi: gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, ikijumuisha iliyomo kwenye mkate na achari.

Aliyeandikiwa levothairoksini, dawa ya tezi ya shingo iliyo mvivu, aimeze kwa maji matupu, tumbo likiwa wazi, nusu saa mpaka saa moja kabla ya chai. Chai ya maziwa juu yake huipunguzia kazi. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalsiamu vikae mbali nayo kwa muda wa saa nne. TSH hurudiwa baada ya wiki 6 mpaka 8. Kuja baada ya wiki mbili kutaka kujua "imeshuka ngapi" ni kuipoteza damu yako bure. Mwezi wa Ramadhani dawa haiachwi. Imezwe wakati wa kulala, saa tatu au nne baada ya chakula cha mwisho, au mtu aamke nusu saa kabla ya daku.

Kwa wanawake, ovari zenye vifuko vingi hufuatana na unene mara nyingi, na hapa kila kimoja humchochea mwenziwe. Angalia hedhi inayopishana zaidi ya siku 35, nywele za kidevuni, chunusi zisizokwisha, na ule weusi wa shingoni unaodhaniwa ni uchafu lakini hautoki hata ukisuguliwa kwa dodoki. Weusi huo ni ishara kwamba insulini, homoni inayoshusha sukari, imezidi kwa sababu mwili hauitikii ipasavyo. Hatuhitaji kupima insulini yenyewe. Tunapima sukari, baada ya kufunga kwa muda wa saa nane, na ikifika 7.0 mmol/L au zaidi kipimo hurudiwa siku nyengine kabla ya kuitwa kisukari. Mwenye kilo 80 akipunguza kilo 4 mpaka 8, mara nyingi hedhi huanza kujipanga yenyewe.

Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu huongeza kwa wastani kilo moja mpaka mbili mwaka wa kwanza. Wapo wanaoongezeka zaidi, na anayepanda zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake ndani ya miezi sita azungumze na mtoa huduma abadilishiwe njia; kitanzi cha shaba hakina homoni yoyote. Lakini lile la "damu chafu kujaa tumboni" kwa sababu hedhi imekata, tumelieleza mara nyingi na tunalirejea: hakuna damu inayojaa, ukuta wa mfuko wa uzazi umebaki mwembamba tu.

Ukiandikiwa kipimo, fuata utaratibu wake. TSH haihitaji kufunga. Vidonge vya nywele na kucha vyenye bayotini viachwe angalau siku mbili kabla, kwani huweza kutoa jibu la uongo katika baadhi ya mashine. Kipimo cha kortisoli kina hatua zaidi: kidonge kimoja cha deksamethasoni cha miligramu 1 saa tano usiku, damu saa mbili mpaka saa tatu asubuhi. Ukichelewa mpaka saa tano asubuhi, jibu halisomeki na utarudia. Anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni aseme mapema, maana hulipandisha jibu. Na anayetumia vile vya kifuko cha nailoni akivificha, tutapoteza wiki nzima kuitafuta tezi isiyo na kosa.

Kwa upande wa sheria, Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya Zanzibar, Namba 2 ya mwaka 2006, inataka dawa isajiliwe kabla ya kuuzwa. Deksamethasoni na klobetasoli ni dawa za cheti. Duka la vipodozi, saluni na muuzaji wa mtandaoni hawana ruhusa ya kuziuza. Anayeziuza anaweza kukamatiwa mali na kufikishwa mahakamani. Kutoa taarifa, kiache kifuko kama kilivyo mahali pakavu, usikirudishe kwa muuzaji, usikimwage chooni. Andika siku uliyonunua, mahali, bei na maneno uliyoambiwa kuhusu matumizi, halafu upeleke ofisi ya Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, Unguja au Pemba. Kama bado unavitumia, fika kwanza kwa daktari navyo mkononi. Akishakupangia namna ya kupunguza, vilivyobaki ndivyo viende kwa Wakala.