Sola, gridi na transfoma ya mtaa: dhana potofu tunazosikia Dodoma

Jirani yangu wa Nzuguni alifunga paneli 8 juu ya bati lake. Siku moja umeme wa mtaa ukakatika saa saba mchana, jua likiwa utosini, na feni yake ikasimama sawa na yangu isiyo na sola. Alinijia na kijitabu mkononi cha inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli kuwa umeme wa nyumbani. "Mwalimu, hawa mafundi wameniuzia mapambo?"

Hapana, hakuuziwa mapambo. Aliuziwa kifaa kizuri bila kuelezwa kinavyofanya kazi. Tangu siku ile nimekuwa nikikusanya maneno ninayoyasikia kuhusu umeme wa vyanzo vidogo vilivyotawanyika mitaani na vijijini. Mengi yana chembe ya ukweli ndani yake, na chembe hiyo ndiyo inayoyafanya yaaminike.

"Ukiwa na sola, umeme ukikatika wewe hujali"

Inategemea inveta uliyofunga. Inveta inayofanya kazi kwa kuungana na gridi (mtandao wa umeme wa taifa), isiyo na betri, imetengenezwa makusudi ijizime pale tu laini ya mtaa inapokosa umeme. Sababu yake ni uhai wa mtu. Transfoma hupoza umeme, yaani hushusha volti zake, unapoingia mtaani, lakini ukipita kwa njia ya kurudi huzipandisha. Volti 230 za batini kwako zinaweza kutokea upande wa pili zikiwa 11,000 au 33,000, na juu ya nguzo yuko fundi wa laini anayeamini waya umekufa. Kwa hiyo inveta ya jirani ilipozima mchana ule, ilifanya kazi yake ipasavyo.

Anayetaka taa ziwake mtaa ukiwa gizani anahitaji inveta mseto, betri, na swichi inayoitenga nyumba na laini kabla inveta haijaanza kuilisha. Gharama inapanda, na betri ndiyo inayokula sehemu kubwa. Kabla hujatoa hata senti, muulize fundi: gridi ikizima, nini kitawaka humu ndani, na kwa saa ngapi? Akisitasita, subiri.

"Bwawa la Nyerere limekamilika, sola ya nini tena?"

Hili nalisikia kila wiki, hata kwa watu wanaoijua nishati vizuri. Bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji lina mitambo 9, kila mmoja megawati 235, jumla megawati 2,115. Mtambo wa kwanza uliingia kwenye gridi Februari 2024. Ni kazi kubwa ya taifa na ninaifurahia kwa dhati. Ila megawati za Rufiji si volti za Nala, hapa Dodoma. Kati yake kuna njia kuu za msongo mkubwa, kituo cha kupoza umeme cha Zuzu, laini za kusambaza, transfoma ya mtaa, kisha nguzo moja baada ya nyingine hadi kwenye mita yako. Kila kipande kina kikomo chake.

Dodoma imekua haraka. Uamuzi wa kuhamishia serikali huku ulianza kutekelezwa 2016, hadhi ya jiji ikaja 2018, na Sensa ya 2022 ikahesabu watu 765,179 ndani ya jiji. Nyumba zikijengwa haraka kuliko transfoma zinavyoongezwa, aliye mwisho wa laini ndiye anayelalamika kwamba "umeme ni mdogo" jioni, pasi haipati moto na friji inanguruma bila kupoza. Kuongeza mtambo Rufiji hakumponyi mtu huyo. Kinachomponya ni waya mnene zaidi, transfoma nyingine, au umeme unaozalishwa jirani naye.

Lakini hapa pia watetezi wa sola, mimi nikiwamo, tumewahi kusema zaidi ya tunachokijua. Tunasema paneli zinapunguza mzigo wa transfoma. Zinapunguza lini? Mtaa wa nyumba za wafanyakazi hutumia umeme mwingi kuanzia saa moja usiku, paneli zikiwa zimelala. Mchana watu wako kazini, nyumba ni tupu, na paneli nyingi kwenye laini moja zinaweza kupandisha volti kupita kiwango hadi inveta zianze kujizima zenyewe. Sasa nenda Kibaigwa, kwenye mashine za kusaga na za kukamua alizeti. Mota zinazunguka mchana, jua linawaka mchana. Paneli ileile, bei ileile, lakini faida kwa mtandao ni tofauti kabisa. Mpango wa umeme usiouliza mahali na saa hauwezi kusema sola inasaidia au inasumbua.

Na betri si lazima iwe ya lithiamu. Maji ya Dodoma kwa sehemu kubwa hutoka kwenye visima virefu vya Mzakwe, bonde la Makutupora, na husukumwa kwa pampu za umeme. Pampu haina haja ya kufanya kazi saa mbili usiku watu wanapopika. Inaweza kujaza matangi mchana, jua likiwepo. Vijijini Chamwino, Bahi au Chemba, kisima chenye pampu ya sola na tangi lililoinuliwa kinafuata hesabu hiyohiyo: umeme unahifadhiwa kwa sura ya maji. Ningependa kuona wapangaji wa maji na wapangaji wa umeme wakikaa meza moja juu ya jambo hili, kwani ofisi zao nyingi ziko hapahapa mjini.

"Serikali hairuhusu mtu binafsi kuzalisha umeme"

Si kweli. Sheria ya Umeme ya 2008 ilifungua mlango, na kanuni za miradi midogo za EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, zinaelekeza namna ya kuupita. Mradi ulio chini ya megawati 1 hauhitaji leseni kamili, unahitaji usajili. Kiwanda cha sukari cha TPC kule Moshi na TANWAT ya Njombe wamekuwa wakiliuzia TANESCO, shirika la umeme la taifa, umeme wa mabaki ya miwa na miti kwa miaka mingi. Hata gridi ikikifikia kijiji chenye mtandao mdogo wa umeme wa mtu binafsi, kanuni zinampa mwenye mtandao njia kadhaa: kuiuzia TANESCO umeme wake, kununua kwa jumla na kuendelea kuwasambazia wanakijiji, kufanya yote mawili, au kuondoka.

"Nikizalisha umeme mwingi, mita ya LUKU itarudi nyuma"

Kanuni za mita ya pande mbili zipo tangu 2018. Unaomba, mfumo wako unakaguliwa, unafungiwa mita inayopima umeme unaoingia na unaotoka, na uniti ulizopeleka zinahesabiwa dhidi ya ulizochukua. Usidhani mita uliyonayo ukutani inaweza kazi hiyo. Mita nyingi za kielektroniki huhesabu umeme unaotoka kana kwamba umeingia, na mtu anajikuta analipia uniti alizozitoa yeye mwenyewe. Usiruhusu fundi aunganishe kwanza na kuomba kibali baadaye.

"Sola inaokoa hela kwa kila mtu"

Chukua risiti yako ya LUKU. Kwa bei zilizopangwa 2016, mteja wa nyumbani wa matumizi madogo, yaani uniti 75 au pungufu kwa mwezi, anatozwa shilingi 100 kwa uniti. Mteja wa matumizi ya kawaida anatozwa 292. Ongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa nishati vijijini) asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1: wa kwanza analipa 122, wa pili 356.

Kwa jua letu, kilowati 1 ya paneli hutoa uniti 4 hadi 5 kwa siku, kama 130 kwa mwezi. Mama anayetumia uniti 75 analipa shilingi 9,150 kwa mwezi. Hata sola ikibeba zote, hawezi kuokoa zaidi ya hapo, na deni la paneli litamkalia miaka. Mwenye saluni au karakana ya kuchomelea, akitumia uniti 100 za jua mchana, anaokoa 35,600 kila mwezi. Huyu namshauri afunge. Yule wa kwanza namshauri asikope kwa ajili ya hiyo.

Hesabu hiyo ndiyo inayonifanya nisikubali haraka kwamba wenye mitandao midogo ya vijijini hutoza ghali kwa uroho. Bei ya gridi inachangiwa na wateja wote wa nchi. Mtandao wa kijiji chenye wateja 200 hauna wa kuchangia naye paneli, betri na mshahara wa fundi. Mwaka 2020 serikali iliagiza mitandao hiyo itoze shilingi 100 kama vijiji vingine. Mwanakijiji alipata nafuu aliyoistahili, na gharama ikabaki palepale ikihitaji wa kuibeba. Ile asilimia 3 ya REA kwenye risiti yako ipo kwa ajili ya umeme wa vijijini, basi una haki ya kuuliza inavyogawanywa.

"Wenzetu Marekani wameshamaliza hili, tuige"

Kule kila jimbo lina sera yake, nazo zinabadilika. Hawaii ilifunga mpango wake wa kubadilishana uniti kwa wateja wapya Oktoba 2015, paneli zilipokuwa nyingi. California ilipunguza malipo ya umeme wa batini kwa wateja wapya Aprili 2023. Ninachotamani tukiige ni kingine: sheria ya California ya 2013 iliyalazimisha makampuni makubwa ya umeme kuandaa mipango ya mitandao yao ya usambazaji, nayo yakachora ramani zinazoonyesha laini ipi ina nafasi ya kupokea paneli zaidi na ipi imejaa.

"Dodoma ni joto, sola itatoa zaidi"

Paneli inataka mwanga. Joto linaipunguzia nguvu, karibu asilimia 0.3 hadi 0.4 kwa kila nyuzi 1 juu ya 25. Iinue kutoka kwenye bati ili upepo upite chini yake, na uifute vumbi kuanzia Juni hadi mvua zinaporudi.

Jirani yangu aliongeza betri 1, ya taa na friji tu. Mimi nasubiri taftishi, yaani mkutano wa kukusanya maoni ya wananchi. EWURA hukutanisha wadau yanapoletwa maombi ya kubadili bei ya umeme, na mwananchi yeyote anaruhusiwa kusema. Nitakwenda na swali moja la kuiuliza TANESCO: transfoma ya mtaa wetu inabeba mzigo kiasi gani saa saba mchana, na kiasi gani saa mbili usiku?