Jeshi na uraia: nani anamdai mwenzake?

Wanafunzi wa kidato cha sita wakishamaliza mitihani, Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) hutangaza majina ya wanaoitwa kambini kwa mujibu wa sheria. Huku Nyanda za Juu Kusini tunazo kambi kadhaa, zikiwemo Mafinga kule Mufindi na Itende hapa Mbeya. Ukisoma orodha ya vifaa vya kwenda navyo, baada ya bukta ya bluu iliyokoza, fulana ya kijani, raba, shuka na soksi ndefu nyeusi, utakuta kifungu cha nguo za kuzuia baridi kwa waliopangiwa mikoa yenye baridi. Mzazi ambaye mwanawe amepangiwa Mafinga mwezi wa Juni hahitaji kuelezwa zaidi. Lakini orodha hiyo inadai na karatasi pia, ikiwemo cheti cha kuzaliwa. Kijana anaulizwa yeye ni nani kabla hajapiga hata hatua moja ya kwata. Uraia unatangulia, jeshi linafuata.

Nalisema hili mapema kwa sababu mtaani limegeuzwa. Utasikia mtu akimwambia mwenzake, wewe hujapita JKT, huwezi kutufundisha uzalendo. Maneno hayo yanachanganya mambo mawili ambayo sheria yetu imeyatenga vizuri kabisa.

Uraia ni kifungo cha kisheria kati ya mtu na nchi. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inataja njia tatu za kuupata: kuzaliwa, kurithi na tajnisi, yaani mgeni kuomba na kupewa uraia. Utumishi jeshini haumo. Huwezi kuja Tanzania kama mgeni, ukajiunga na jeshi, kisha ukadai uraia kwa jasho lako. Nchi nyingine zimefanya hivyo. Dola ya Roma iliwapa uraia askari wake wa kigeni waliotumikia miaka 25. Ufaransa hadi leo inao wageni katika Légion étrangère, kikosi chake cha askari wa kigeni, ambao baada ya miaka mitatu wanaweza kuomba uraia, na aliyejeruhiwa vitani anaweza kuupata kwa damu aliyomwaga. Marekani nayo ina mlango kama huo kwa wahamiaji wanaovaa sare yake. Sisi hatukuchagua njia hiyo. Kwetu jeshi ni wajibu wa mtu ambaye tayari ni wa hapa.

Wajibu huo uko kwenye Katiba, ibara ya 28: kila raia ana wajibu wa kulinda, kuhifadhi na kudumisha uhuru, mamlaka, ardhi na umoja wa taifa. Ibara hiyohiyo inaliruhusu Bunge kutunga sheria za kuwawezesha wananchi kutumikia majeshi na ulinzi wa taifa, na inaongeza jambo zito sana: hakuna mtu yeyote mwenye haki ya kutia sahihi mkataba wa kukubali kushindwa vita na kulitoa taifa kwa mshindi. Neno la kutazama ni "kila raia". Anayelima viazi Kitulo yumo. Muuguzi yumo, na mwenye ulemavu yumo. Ndiyo maana ninafurahi kuona wito wa JKT ukiwaelekeza wahitimu wenye ulemavu wa kuonekana kwenda kambi ya Ruvu, Pwani, yenye mazingira ya kuwapokea, badala ya kuwafuta kimyakimya.

Kama kuwa mlinzi wa nchi kungekuwa ndiko kunakomfanya mtu raia, tungeshindwa kuwaelezea watu wawili.

Wa kwanza ni mtu aliyemaliza kidato cha sita mwaka 2000. JKT, iliyoanzishwa tarehe 10 Julai 1963, ilisimamisha mafunzo ya vijana mwaka 1994 kwa kukosa uwezo wa kuyaendesha, na yakarejea mwaka 2013, wabunge vijana kadhaa wakitangulia kambini kuonyesha mfano. Kati ya miaka hiyo wamepita maelfu ya wasomi wasioijua kambi. Wamelipa kodi, wamefundisha watoto wetu, wamepiga kura. Hakuna anayeweza kuwaambia kwamba uraia wao una pengo.

Wa pili ananiuma zaidi. Ni mbebaji mizigo wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1916 na 1917 mapigano yalipita Iringa na Njombe, na majeshi ya pande zote mbili yaliishi kwa migongo ya Waafrika. Kule Dar es Salaam jina la Kariakoo limebaki kama kumbukumbu ya kikosi cha wabebaji. Huku kwetu, nenda kwenye makaburi ya vita mjini Iringa. Mawe yamepangwa kwa mistari, majina yamechongwa, nyasi zinatunzwa. Halafu jiulize waliobeba risasi na unga kupanda milima hii wamelala wapi. Tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi hayo ilikiri yenyewe mwaka 2021 kwamba Waafrika wengi, hasa wa Afrika Mashariki, hawakukumbukwa kwa majina kama Wazungu walivyokumbukwa. Watu hao walitumika hadi kufa, na hawakuwa raia wa chochote. Hata waliofuata, wanajeshi wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari Waafrika) waliopelekwa hadi Burma katika vita ya pili, walirudi wakiwa watawaliwa walewale. Bunduki peke yake haikumpa mtu sauti katika nchi yake.

Kwa hiyo uhuru ulipokuja, swali halikuwa dogo: jeshi ni la nani? Januari 1964 kikosi cha Tanganyika Rifles, jeshi la Tanganyika la wakati huo, kiliasi, kikidai mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Kilivunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka huo ikazaliwa JWTZ, Jeshi la Wananchi wa Tanzania, askari wake wa mwanzo wakitoka kwa wingi kwenye umoja wa vijana wa TANU, chama tawala cha wakati huo. Hapo ndipo wazo la mwanajeshi aliye mwananchi kwanza lilipowekwa msingi. Limebeba hata mipaka yake: leo Katiba, ibara ya 147, inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama cha siasa, lakini inamwachia haki ya kupiga kura. Amepunguziwa sehemu ya uhuru wa raia ili bunduki isiwe ya chama. Nadhani ni bei ya haki.

Mvutano haukukosekana. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Dar es Salaam kupinga utumishi wa lazima, hasa sharti la kukatwa sehemu kubwa ya mshahara wakati wa utumishi huo. Mwalimu Nyerere aliwarudisha nyumbani karibu 400, na palepale akapunguza mishahara ya viongozi, wake ukiwa wa kwanza. Wengi wanakumbuka adhabu. Mimi naona upande wa pili una uzito uleule: aliyetaka vijana watoe, alikubali kwamba naye anadaiwa.

Vita ya Kagera ilionyesha wazo hilo likifanya kazi. Idi Amin, mtawala wa Uganda, alivamia mwishoni mwa Oktoba 1978, na pamoja na wanajeshi wakaenda wanamgambo kwa maelfu, watu walioacha majembe na ofisi. Huo ndio umuhimu wa mafunzo ya mgambo yanayoendeshwa hadi leo chini ya mshauri wa mgambo wa wilaya. Wengi huwaona mgambo pale tu wanapofukuzana na wamachinga, na hilo linawavunjia heshima isivyo haki.

Deni la upande wa pili, la nchi kwa kijana, ndilo tunalolizungumza kwa uoga. Anayejitolea JKT hutumikia kwa miaka miwili akiwa na matumaini ya ajira katika vyombo vya ulinzi, ingawa tangazo huandika wazi kwamba mafunzo si ahadi ya ajira. Mwaka 2021 vijana zaidi ya 800 waliachishwa mafunzo baada ya kugoma wakidai ajira. Baadaye waliitwa kurudi. Nidhamu ya jeshi siipingi. Ila kijana aliyetoa miaka miwili anastahili kutoka na ufundi wa kueleweka mkononi, awe fundi uashi, mfugaji au dereva, na hapo ndipo serikali inapaswa kupimwa.

Huku kwetu uraia unakuwa swali zito zaidi mpakani. Wanyamwanga wako Tunduma na wako Zambia. Wanyakyusa wa Kyela na Wangonde wa Malawi wanatenganishwa na mto Songwe, na wanaoana tangu zamani. Kijana wa huko akiomba kujiunga na jeshi au polisi, tangazo linataka awe raia, wakati mwingine na wazazi wake pia, na bibi mzaa mama aliyezaliwa ng'ambo anatosha kuleta maswali. Kuwa na ndugu ng'ambo si kosa, wala hakumwondolei mtu uraia. Kinachomwokoa ni kumbukumbu: cheti cha kuzaliwa kutoka RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, namba ya kitambulisho cha taifa inayotolewa na NIDA, vyeti vya wazazi kama vipo. Majina yafanane kwenye karatasi zote, maana "Mwakalinga" hapa na "Mwakalingwa" pale kunaweza kumrudisha kijana nyumbani akiwa tayari mstarini. Mwenye shaka aende ofisi ya Uhamiaji ya wilaya mapema, tangazo likiwa bado halijatoka.