Kuchora ramani ya mtandao wa umeme wa msongo mdogo kwa takwimu za mita janja

Mtandao wa msongo mdogo ni sehemu ya mwisho ya safari ya umeme, kutoka kwenye transfoma ya mtaani hadi kwa mteja, ambako katika nchi nyingi kuna volti 400 kati ya fezi na fezi (fezi ni kila mmoja wa nyaya tatu zinazoleta umeme), au volti 230 kati ya fezi na nyutro, waya wa kurudishia mkondo. Kuuchorea ramani kwa takwimu za mita janja ni kutumia vipimo vilivyorekodiwa na mita za wateja ili kutambua kila mteja analishwa na transfoma ipi, yuko kwenye laini ipi, na kwenye fezi ipi kati ya tatu. Kinachotafutwa ni miunganisho ya kiumeme, wala si mahali nyumba ilipo. Nyumba mbili zinazotazamana barabarani zinaweza kuwa kwenye transfoma tofauti, huku nyumba mbili zilizo kwenye ncha mbili za mtaa zikiwa kwenye waya mmoja.

Mtu anaweza kushangaa kwamba shirika la umeme halijui mteja wake amefungwa wapi, lakini sababu zake ni za kawaida tu. Laini za msongo mkubwa zina vifaa vya kupima na kudhibiti, na michoro yake hutunzwa kwa uangalifu kwa kuwa hitilafu moja huzima eneo zima. Upande wa msongo mdogo matawi ni mengi, na kwa miongo mingi hapakuwa na kipimo chochote kati ya transfoma na mita ya mteja. Fundi aliyeitwa usiku kwa sababu fezi moja imezidiwa huhamishia nyumba kadhaa kwenye fezi nyingine, umeme unarudi, na mabadiliko hayo hubaki juu ya nguzo bila kufika kwenye kumbukumbu za ofisi. Kebo zilizofukiwa ardhini ni taabu zaidi, maana hata kwa macho hazifuatiki.

Mita janja hurekodi matumizi kila baada ya muda maalumu, mara nyingi dakika 15, 30 au 60, na aina nyingi hurekodi pia volti. Kwa kazi hii volti ndiyo yenye thamani kubwa zaidi, kwa sababu matumizi humweleza mteja peke yake, ilhali volti inayomfikia huathiriwa na kila anayelishwa kupitia waya huohuo. Chukua mteja aliye meta 100 kutoka kwenye transfoma, kwa kebo ya alumini ya milimita 95 za mraba, ambayo ukinzani wake ni takriban omu 0.32 kwa kilometa. Mkondo ukienda kwa fezi na kurudi kwa nyutro ya unene uleule, unapita kwenye omu 0.064. Akiwasha mzigo wa ampea 30, volti kwake hushuka kwa karibu 1.9. Ikiwa wakati huohuo volti ya jirani, ambaye hajawasha chochote, inashuka kwa 1.3, basi takriban theluthi mbili ya njia ya huyo wa kwanza ni njia ya wote wawili, na baada ya hapo wanaachana. Hesabu ya namna hiyo ikirudiwa kwa vipimo vingi vya wateja wengi, mchoro wa matawi huanza kujitokeza.

Hata kabla ya kufika huko, kazi ya kugawa wateja kwa fezi na kwa transfoma inaweza kufanywa kwa njia nyepesi zaidi: programu hulinganisha mfululizo wa volti za mita mbilimbili, na zile zinazopanda na kushuka pamoja huwekwa kundi moja. Hapa kuna mtego. Volti ikibadilika upande wa msongo wa kati, yaani kwenye laini zinazolisha transfoma za mtaani, wateja wa transfoma zote zilizo chini yake hupanda au kushuka kwa pamoja, hivyo badiliko hilo la wote ni lazima liondolewe kwanza ili tofauti ndogo za mtaani zionekane. Mzigo mkubwa kwenye fezi moja unaweza pia kuinua kidogo volti za fezi nyingine, kwa kuwa nyutro ni yao wote. Jambo hilo huonekana kama kero, ila husaidia sana kutenganisha makundi.

Njia nyingine ni ya kihasibu. Penye kipimo kwenye transfoma kwa kila fezi, jumla ya matumizi ya wateja wa fezi hiyo, pamoja na upotevu kwenye nyaya, haina budi kulingana na kilichotoka, kipindi baada ya kipindi. Hesabu ikigoma, huenda mteja amewekwa fezi isiyo yake, au pana taa za barabarani zisizo na mita, au kuna anayeiba umeme. Kukatika kwa umeme nako ni ushahidi: mita zinazozimika na kuwaka kwa pamoja pindi fyuzi moja inapoungua na kubadilishwa zinajitaja zenyewe kuwa ziko nyuma ya fyuzi hiyo.

Ubora wa vipimo huamua zaidi kuliko ujanja wa programu. Mita inayokadiria volti hadi namba nzima hufuta mabadiliko madogo ambayo ndiyo yanayotafutwa, na saa za mita zikipishana kwa dakika chache, majirani wa kweli huonekana kama wageni. Paneli za sola huleta udanganyifu wa aina yake: jua huwaka kwa wote, volti hupanda pamoja hata kwenye transfoma tofauti, kwa hiyo ni busara kuvipa uzito vipimo vya usiku.

Sola hizohizo, pamoja na chaja za magari ya umeme, ndizo zinazoifanya ramani ihitajike haraka, kwa sababu chaja tatu za nyumbani zikiangukia fezi moja zinaweza kuilemea huku nyingine mbili zikiwa na nafasi. Suala la faragha halikwepeki, kwani matumizi ya kila nusu saa hudokeza mtu yuko nyumbani saa ngapi. Volti hufichua machache zaidi, na penye uwezekano inafaa ianzwe nayo. Matokeo yenyewe ni makadirio yenye viwango vya uhakika: mteja ambaye volti zake zinakaribiana na makundi mawili hupelekewa fundi akahakiki kwenye nguzo, na hesabu nzima hurudiwa kila baada ya muda, kwa kuwa mafundi hawaachi kuhamisha nyaya.