Kwa Nini “Has” Hugeuka “Had” Maneno ya Mtu Yanapotaarifiwa kwa Kiingereza?

Mhazini wa bodi ya shule anasimama kikaoni na kusema kwa Kiingereza, “The contractor has been paid,” yaani mkandarasi amelipwa. Baada ya wiki moja katibu anaandika muhtasari wa kikao, na sentensi ile inatokea hivi: “The treasurer reported that the contractor had been paid.” Mkandarasi ni yuleyule, fedha ni zilezile na malipo hayajabatilishwa, ila kitenzi kisaidizi kimebadilika. Msomaji wa Kiswahili ana haki ya kuuliza sababu, kwa maana katika lugha yake angeandika “Mhazini aliarifu kwamba mkandarasi amelipwa” na hakuna mjumbe ambaye angemwelewa vibaya.

Jibu linalotolewa darasani ni kwamba kitenzi hurudi nyuma hatua moja: “is” huwa “was”, “has” huwa “had”, “will” huwa “would”. Kanuni hiyo inafaa kwa sehemu kubwa ya mitihani, lakini inamwambia mwanafunzi afanye nini bila kumweleza lugha inapima nini, na ndiyo maana humwacha njiani mara anapokutana na sentensi sahihi ambayo haikuifuata.

Mwaka 1947 Hans Reichenbach, mwanafalsafa mzaliwa wa Hamburg aliyekuwa akifundisha Los Angeles wakati huo, alionyesha kwamba nyakati za vitenzi haziwezi kuelezwa kwa nukta mbili peke yake, yaani wakati wa tukio na wakati wa kusema. Inahitajika nukta ya tatu, ambayo ni wakati ambao kutoka hapo tukio linatazamwa. Katika “has been paid” malipo yametangulia, na yanatazamwa kutoka sasa, saa ileile ya kusema. Katika “had been paid” malipo yametangulia vilevile, ila yanatazamwa kutoka wakati fulani uliokwisha kupita. Uhusiano kati ya tukio na nukta hiyo ya kutazamia haukuguswa. Hali timilifu, yaani ile inayoonyesha kwamba tukio limekwisha kutangulia, imebaki nzima, na kilichosogea ni kituo chake, ambacho sasa ni siku ya kikao badala ya siku ya kuandika.

Kiingereza hutaka kituo hicho kipimwe kutoka kwa anayetaarifu. Kitenzi kikuu, kama “said” au “reported”, kikiwa katika wakati uliopita, hukivuta kishazi kilicho chini yake kiingie katika wakati huo. Kilatini nacho kilikuwa na utaratibu wake wa kupanga nyakati za vishazi tegemezi kwa kufuata kitenzi kikuu. Kirusi na Kijapani hufuata njia nyingine: ndani ya maneno yanayotaarifiwa, wakati huendelea kupimwa kutoka kwa msemaji wa kwanza. Kiswahili cha kila siku kiko upande huo. Tukisema “Juma alisema amechoka”, hata kama maneno hayo yalisemwa mwaka juzi, msikilizaji anafahamu kwamba uchovu ni wa siku ile. Vitabu vya shule nchini Kenya hufundisha kwamba katika usemi wa taarifa “atakuja” igeuzwe “angekuja”, na mtindo huo una nafasi yake katika maandishi rasmi. Hata hivyo “alisema atakuja” haimshangazi msemaji yeyote wa lugha hii. Kwa hiyo mwanafunzi anayeandika “He said that he has gone”, akimsimulia mtu aliyeondoka zamani, hastahili kuitwa mzembe. Anapima wakati kwa kipimo sahihi cha lugha yake, ila amekitumia katika lugha inayopima kwa kingine.

Faida ya kipimo cha Kiingereza huonekana vizuri katika ule muhtasari. Waraka huo utasomwa mwakani, pengine na mkaguzi wa hesabu ambaye hakuwapo kikaoni. Akikuta “had been paid”, anajua kwamba malipo yanadaiwa kufanyika kabla ya siku ya kikao, na anajua pia kwamba anayedai ni mhazini. Katibu hakuyathibitisha wala hakuyakana. Alichothibitisha ni kwamba yalisemwa. Kwa maoni yangu hii ni huduma kubwa kwa herufi chache namna hiyo, na katibu anayeifahamu hulinda jina lake pamoja na la mhazini.

Hapo ndipo inapoeleweka kwa nini “The treasurer said that the contractor has been paid” nayo ni sentensi sahihi. Kitenzi kikuu kimepita, lakini aliyeandika ameamua kuacha kishazi cha pili kipimwe kutoka sasa yake mwenyewe. Anachukulia kwamba habari bado inasimama na bado ina uzito leo, na kwa kufanya hivyo anajitwika sehemu ya dhamana yake. Ndiyo maana “She told me she has paid the rent, but she hasn’t” husikika kama mtu anayejikanusha, ilhali ukiweka “had paid” mashaka yanayofuata yanakaa vizuri. Kitenzi cha kutaarifu kikiwa katika wakati uliopo, kama “says”, hakuna kinachovutwa, na “has” hubaki ilivyo.

Utaratibu huu una gharama pia. Mhazini angeweza kusema “was paid”, au “has been paid”, au “had been paid before the strike”, na zote tatu katika taarifa zinaweza kuishia katika “had been paid”. Kiingereza hakina umbo la nyuma zaidi ya “had”, kwa hiyo maumbo matatu yanamiminika katika moja, na msomaji wa muhtasari hawezi tena kujua mhazini alitumia lipi. Katika kusimulia jambo hilo halina madhara. Katika ushahidi wa mahakamani, ambapo tofauti kati ya “alilipwa” na “amelipwa” inaweza kugeuza maana ya ushahidi, ni afadhali kunukuu maneno yenyewe.

Mmiminiko huo ndio unaoeleza jambo linalowatatiza wengi kuhusu siku na saa. “The contractor has been paid on Monday” haikubaliki katika Kiingereza sanifu, kwa kuwa umbo hilo linatazama kutoka sasa, nayo Jumatatu imekwisha kufungwa. Kiswahili hakina kizuizi hicho, na “Amelipwa Jumatatu” ni sentensi ya kawaida kabisa. Katika taarifa “had been paid on Monday” inaruhusiwa bila shida, kwa sababu hapo “had” inaweza kuwa imesimama mahali pa “was” ya msemaji wa kwanza, umbo lililoikubali Jumatatu tangu mwanzo.

Wakati uliopita wa kawaida, kwa upande wake, mara nyingi haulazimiki kurudi nyuma. “He said he was born in Tabora in 1962” inatosha, maana mwaka umekwisha kuonyesha kwamba kuzaliwa kulitangulia kusema. “Had been born” ni sahihi lakini ni nzito bila sababu. Hatari iko kwa vitenzi vya hali, yaani vinavyoeleza mtu alivyo badala ya tendo alilofanya. “She said she was ill” hueleweka kwamba alikuwa mgonjwa saa ile aliposema, na “She said she had been ill” kwamba aliugua kabla ya hapo. Vivyo hivyo, “He said he lived in Kisumu” ni makazi yake ya wakati ule, na “had lived” ni makazi aliyokwisha kuyahama. Mwandishi asipoiweka “had” katika sentensi za namna hii, anamuuguza mtu aliyekwisha kupona.

Baada ya vitenzi kama “would”, “must” na “should”, “have” haigeuki kamwe kuwa “had”, kwa kuwa kitenzi kinachofuata hapo hukaa katika umbo lake la msingi: “will have finished” huwa “would have finished”, na “must have gone” hubaki ilivyo.

Ushahidi mzuri kuliko wote kwamba “have” hubeba maana ya tukio kutangulia, na kwamba wakati ni kitu kingine kinachopachikwa juu yake, unapatikana pale kitenzi kisipokuwa na wakati. Linganisha “He claims to have paid” na “He claimed to have paid”. Dai la kwanza ni la leo na la pili ni la zamani, lakini “to have paid” haikutikisika, kwa sababu haina alama ya wakati ambayo kitenzi kikuu kingeweza kuivuta. Ndivyo ilivyo pia katika maneno ya taarifa za polisi, “The suspect is believed to have left on Monday”. Jumatatu iliyokataliwa na “has left” inakubalika hapa, maana “have” hii inaonyesha tu kwamba kuondoka kulitangulia, bila kulazimisha kutazamwe kutoka leo.